Maji Baada ya Peremende

Ngoliba,
Jumapili, 12 Mei 2024

Kaluki mjukuu wangu,

Mimi sijambo, na ng'ombe hajambo, ila mvua imetupiga mpaka barabara ya kwenda sokoni imekatika. Nakuandikia kwa herufi kubwa kwa sababu macho yangu siku hizi yanabahatisha tu. Usiniambie habari ya simu. Nikiiweka sikioni nasikia nyuki, na hizo meseji zenu herufi zake ni kama chawa. Muasya akipeleka mbuzi wake kule Kamakis anapitia Thika, kwa hivyo barua hii ataiacha kwa askari wa geti la shule yenu.

Nataka kukupigia saluti, bingwa. Likizo nzima ya Aprili hukushindwa hata raundi moja ya Jiwe! Mchezo huo nilimfundisha mama yako na mjomba wako Muoki wakiwa wadogo, wakati huo kwa njugu. Siku hizi chakula cha Jumapili kikiisha tunakaa kwenye mkeka, kila mtu peremende yake mbele yake, na anayeonyesha meno kwanza ndiye anayenyang'anywa. Lakini jiwe kama wewe sijapata kuona. Nilivaa kofia ya kanisani ya marehemu mke wangu, susu yako, nikacheza kama mbuzi mlevi. Muoki alianguka chini. Mke wake Wilkister alikimbia nje. Mwende wao alicheka mpaka akakojoa. Na wewe? Mdomo umefungwa kama duka la Msabato siku ya Jumamosi.

Ila hata bingwa ana sheria. Peremende ni Jumapili, baada ya chakula, zinaliwa zikaisha. Hakuna kuficha moja mfukoni ukaimumunya mpaka Jumanne, hiyo ndiyo inayotoboa jino. Ukimaliza, kikombe kizima cha maji ya kisima, sukutua, meza, halafu mswaki. Hivyo ndivyo nilivyokulea ulipokuwa hapa kwangu, na ndivyo ninavyomlea Mwende. Mtu asije akasema wajukuu wa Kaleli wana meno mabovu ilhali mimi ndiye mwenyekiti wa kisima!

Soma kwa bidii. Wasalimie walimu.

Umau wako,
Kaleli


Thika,
26 Mei 2024

Umau sasa!

Barua yako niliisomea madem wenzangu wa cube yetu hapa bwenini, ile ya mbuzi mlevi wakacheka mpaka matron akaja. Shule ni poa, chakula ndio si poa. Maharagwe inakuja na wadudu wake, tunawaita nyama.

Umau usinikasirikie, lakini mimi si bingwa. Ukicheza na hiyo kofia kicheko ilinijaa mpaka kifua ikauma. Ni vile tu nimezoea kucheka na mdomo imefungwa. Nilianza nikihamia kwa mum huko Ruiru, mtoto mmoja darasa la tatu aliponiuliza kama mimi huwa napiga mswaki na mchanga. Huku wananiita Kakao. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amenichagua nikariri shairi kwa music festival, akasema niko na sauti. Nikamwambia niko na homa. Akachagua Janice.

Nasugua asubuhi, nasugua mchana, nasugua lights out. Fizi inatoka damu na hiyo brown haitoki. Mum anasema ni switi zako ziliniharibu. Umau, ni kweli ni switi? Na kama ni switi mbona nilikuwa nafanya vile ulisema, hata hiyo maji nilikuwa namaliza yote?

Tafadhali usimwambie mum nimekuuliza.

Mjukuu wako,
Kaluki


Kimbo, Ruiru,
30 Juni 2024

Baba,

Habari ya huko. Sisi tuko, tunasukuma maisha.

Sitazunguka. Kaluki alikuja half-term, na Jumamosi asubuhi nikamkuta bafuni anasugua meno na steelwool, ile ya kuoshea sufuria. Mdomo wote damu. Nilipomshika hakulia hata. Aliniambia, "Mum, kidogo tu, karibu itoke." Baba, uliwahi kumwona mtoto wako hivyo? Basi mimi nimemwona.

Sasa nijibu kitu moja. Mimi niko na meno nyeupe. Muoki meno nyeupe. Ulitulea hapo hapo Ngoliba, tukinywa maji ya mto, na switi ilikuwa Krismasi kwa Krismasi. Nimekuachia Kaluki alelewe na susu yake na wewe mimi nikitafuta saluni, namrudisha akiwa na meno rangi ya chai. Na Mwende pia, nimeona zile mpya zinatoka, ni zile zile. Ni nini ilibadilika? Si ni duka lilifunguliwa hapo njia panda ukaanza kuwajazia wajukuu peremende na michezo yako? Watu wanakuheshimu huko kwa ajili ya kisima, lakini kwa hii ulikosea.

Agosti Kaluki haji Ngoliba. Usitume Muoki kunibembeleza.

Na hiyo maneno ya meno nitaimaliza mwenyewe. Kuna fundi wa meno anaitwa Eddie, anapitia saluni zetu hapa Kimbo, ana chumba yake Kamakis. Amewang'arishia wateja wangu wawili, ukiangalia utasema ni maziwa. Wanawake wanakuja kwangu kurembeshwa, baba, halafu wanamwona binti yangu amejifunika mdomo na mkono kama mtu anaogopa. Mimi nimechoka. Hata Wilkister amenipigia anataka Mwende atengenezwe, nikampa namba.

Ndinda


Ngoliba,
7 Julai 2024

Ndinda binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Mara ya pili ilibidi nikae.

Nilitaka kujitetea. Nilitaka kukuambia kwamba watoto hawa hawakula peremende ovyo, kwamba ilikuwa Jumapili tu, na maji juu yake, na mswaki juu ya maji. Nimemsimamia Kaluki mlangoni kila Jumapili mpaka kikombe kikauke. Lakini uliyosema ya wewe na Muoki nimeyageuza huku na huku, sijapata pa kutokea. Nyinyi hamkula, meno yenu ni meupe. Wao wamekula, yameharibika. Mtu mzima akipigwa na ukweli anakaa chini.

Peremende zilizokuwa ndani ya nyumba nimezirudisha dukani. Leo Jumapili Mwende alitandika mkeka mwenyewe akanisubiri. Nikamwambia Jiwe limekwisha. Akauliza amekosa nini, nikaenda kwa ng'ombe.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usininyime mtoto. Nimebaki peke yangu hapa tangu mama yako aende, na Kaluki ndiye aliyekuwa akilala kitanda kile kingine. La pili ni kubwa zaidi. Fundi ni wa viti na milango, Ndinda. Meno yana daktari. Huyo Eddie alisomea wapi? Kama anafanyia kazi kwenye saluni leo na kesho chumbani, siku mambo yakiharibika utamtafutia wapi? Mpeleke hospitali, foleni ni ndefu lakini ni foleni ya watu wenye vyeti.

Nisamehe kwa hayo mengine. Hili nisikilize.

Baba yako,
Kaleli


Kimbo,
1 Septemba 2024

Baba,

Pole kwa kukaa kimya, Agosti ilikuwa na mambo mingi.

Kaluki alianguka bafuni. Kuna sabuni ilikuwa imemwagika. Alijigonga kwa sinki, meno nne za mbele za juu zikatoka. Tulilala hospitali siku kadhaa lakini sasa yuko sawa, amewekwa za bandia, ukiwa mbali huwezi jua. Amerudi shule juzi. Ni ajali, kila nyumba huwa na ajali.

Daktari amesema asisumbuliwe na maswali, kwa hivyo tafadhali usimwandikie kwanza. Akitaka kuongea ataongea.

Saluni iko sawa. Mungu ni mwema.

Ndinda


Ngoliba,
15 Septemba 2024

Kaluki wangu,

Mama yako amenikataza kukuandikia. Mimi ni mzee, siku hizi nasahau ninachokatazwa.

Pole, mama. Pole sana. Nimemwambia Muasya aulize hali yako getini, akasema askari alikuita ukaja na barakoa usoni, ukaitikia kwa kichwa tu. Meno manne! Mimi yangu yalikwenda moja moja, nikapata muda wa kuyaaga. Yako yameondoka pamoja na hukupewa nafasi. Sitakuuliza kitu. Ukitaka kukaa kimya, kaa, barua zangu nitazileta tu uwe unazisoma ukingoja kengele ya chakula.

Habari za hapa. Ng'ombe amezaa ndume. Kisima kiliharibika pampu, tukakaa siku kadhaa bila maji, sasa kimepona na watu wameanza tena kuniita mwenyekiti kwa heshima. Mwende ameingiwa na haya, hataki kuimba Sunday school. Kuna mtoto alimwambia mdomo wake umepata kutu. Mama yake Wilkister ameapa hatamwacha ateseke kama ulivyoteseka wewe, kwa hivyo shule zikifungwa atampeleka kwa yule fundi wa Kamakis. Anasema mama yako alimtumia picha yako mwezi wa nane, kabla hujaanguka, na meno yalikuwa yanang'aa kama sahani mpya. Mimi sikuonyeshwa. Nilikuwa nimempinga mama yako kuhusu huyo fundi, na sasa naona labda nilimkosea, kazi ilikuwa nzuri na bahati ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kula. Hata kama ni uji, kula.

Umau wako,
Kaleli


Thika,
29 Septemba 2024

Umau,

Sikuanguka.

Nimeandika hiyo kwanza ndio mwalimu akizima taa uwe umeipata.

Eddie hakai mahali pa daktari. Ni chumba juu ya nyama choma, moshi inaingilia dirishani. Kuna kiti ya kinyozi. Alisaga meno zangu na kidude kama ile ya kukata vyuma lakini ndogo, halafu akapaka dawa na pamba, akaniambia nisimeze mate. Ilikuwa inanuka kama betri ya gari. Ilichoma, Umau. Siwezi kukuambia vile ilichoma. Alipomaliza zilikuwa nyeupe kweli. Mum akalia, akasema naonekana kama yeye akiwa msichana. Tukapiga picha tukacheka mdomo wazi sote wawili. Hiyo ndio picha Auntie Wilkister aliona.

Halafu fizi zikaanza kuwa nyeupe kama nyama imechemshwa. Nikashindwa kunywa hata maji ya vuguvugu. Uso ikafura mpaka jicho moja ikajifunga. Mum alimpigia Eddie, Eddie akasema ni dawa inafanya kazi. Tulingoja. Tukifika hospitali daktari alisema usaha ulikuwa umeanza kushuka shingoni, na nikichelewa zaidi ningefungwa pumzi. Alitoa nne. Zingine mbili anaziangalia.

Umau sasa nisikize vizuri. Huyo daktari ni mama, anaitwa Wangechi. Aliniangalia huko nyuma mdomoni na tochi akashangaa. Alisema sina shimo hata moja. Alisema meno zangu zilikuwa na nguvu kuliko za watoto wengi anawaona, na akauliza nani alinifundisha kuzitunza. Nikamwambia ni wewe. Halafu akauliza nilikulia wapi, tulikuwa tunakunywa maji gani. Nikasema ya kisima. Akasema ni hiyo.

Si switi. Switi inatoboa jino, haiipaki rangi. Maji ya chini sana huko kwetu iko na madini mingi inaitwa floridi, na mtoto akikunywa akiwa mdogo meno inatengenezeka ikiwa brown kabla hata haijatoka kwa fizi. Ndio maana mum na Uncle Muoki wako sawa, walikunywa ya mto. Kisima ilikuja nikiwa mtoto mchanga. Haikuwa uchafu, haikuwa kuoza. Hiyo brown ingefunikwa tu na daktari wa ukweli, bila kutoa kitu. Mum alikuwa amekaa hapo. Alisikia yote. Tukifika nyumbani akasema tukiulizwa, nilianguka.

Nilikubali. Nilimwonea huruma. Lakini juu ya Mwende siwezi. Niliomba simu ya class teacher nikampigia Auntie Wilkister nikamwambia kila kitu. Alisema, "Kaluki, mama yako alinieleza ulianguka. Unataka Mwende abaki hivyo ndio usiwe peke yako?" Akakata.

Usiende kwake na barua hii, atasema umeniandikia wewe. Tukifunga shule sishuki Kimbo. Nitamngoja Muasya hapo stage ya Thika nikuje naye. Sitamwelezea Auntie tena. Nitamwonyesha.

Usilie juu ya hiyo kikombe ya maji. Nakujua.

Kaluki


Kimbo,
6 Oktoba 2024

Kaluki,

Wilkister amenipigia. Aki ya Mungu, sikuamini. Tuliongea nini mimi na wewe?

Unajua hii kitu ikitoka watu watanitazama aje? Hapa Kimbo mtu akisikia Ndinda alimchoma mtoto wake meno, nani ataniletea kichwa chake nikitengeneze? Hiyo saluni ndio inakulipia hiyo shule. Na si hapa tu. Babu yako ataniangalia aje? Alinionya, Kaluki. Aliniandikia akanionya na nikaitupa hiyo barua.

Mwende ni mtoto wa Wilkister, si wangu. Kila mwili ni tofauti, labda wewe ulikuwa na allergy. Wale wateja wangu wawili bado wanakuja, hawajalalamika sana. Mmoja anasema ni baridi tu inamsumbua akikunywa maji.

Sikukutakia mabaya. Nilitaka ucheke. Nilitaka tu siku moja uingie mahali ukicheka. Sasa naomba ufunge hii story mpaka December, nitajua vile nitaongea na Wilkister mimi mwenyewe. Nimekuwekea maziwa na biskuti laini kwa mfuko unakuja na hii barua.

Mum


Ngoliba,
10 Novemba 2024

Ndinda,

Mtoto wako yuko hapa kwangu. Najua umemtafuta. Muasya amekuambia yuko salama na sasa nakuambia mimi.

Yeye na Muasya waliingia asubuhi na gari la mbuzi, wakamkuta Wilkister hapa kwangu tayari amevaa nguo ya safari. Mwende alikuwa amesukwa nywele mpya na kupakwa mafuta mpaka magotini, anarukaruka, ameambiwa anaenda kuwa mrembo. Kaluki hakusalimia mtu. Alimshika Wilkister mkono akamvuta mlangoni penye mwangaza, akatoa barakoa, akatoa yale meno ya bandia akayaweka kiganjani, akafungua mdomo. Nimeendesha trekta miaka mingi kwenye mashamba ya mananasi na nimeona mikono ya watu ikikatika, lakini mimi nilitazama chini. Wilkister hakutazama chini. Alitazama ile fizi iliyoliwa mpaka akashika ukuta. Kuanguka hakuchomi, Ndinda. Mtu yeyote mwenye macho anaona ni moto wa dawa.

Mwende akauliza, "Inauma?" Kaluki akamjibu, "Eeh, kila siku." Basi. Wilkister alimvua mtoto ile nguo nzuri pale pale akamvalisha ya nyumbani, halafu akamkumbatia binti yako akilia kwa sauti mpaka majirani wakadhani tumefiwa. Ameomba msamaha kwa ile simu. Mwende haendi popote.

Hilo limekwisha. Haya mengine hayajaisha.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani nikawaambia watu habari ya kisima. Mimi niliyewachangisha, mimi niliyekata utepe. Nikawaambia watoto wadogo wasinywe yale maji, wapewe ya mvua, na kwamba meno ya wajukuu wetu si uchafu wala peremende. Wengine walicheka. Mama mmoja akauliza, "Mzee, mvua ikiisha tunywe nini? Tukinywa mto si tutakufa na kipindupindu?" Nimejiuzulu uenyekiti. Jioni nilipita kisimani nikakuta foleni ya mitungi ni ile ile, na watoto wanakinga mikono wanakunywa. Nilimsimamia Kaluki mlangoni na kikombe, Ndinda. Nilikuwa nikimpongeza akimaliza. Kwa hivyo usidhani nakuandikia nikiwa mtu msafi.

Ila kuna jambo Kaluki hakuniandikia. Amenieleza jana tukichambua maharagwe. Alisema fundi alipowasha ile mashine alijaribu kutoka kitini, na wewe ukamshika mikono yote miwili mpaka kazi ikaisha. Mimi nikainamia maharagwe. Akadhani nimekukasirikia, akaanza kukutetea kwa mdomo ule ule: "Umau, mum alikuwa analia kuliko mimi."

Sitamleta Kimbo. Njoo umchukue mwenyewe, na kabla hujamgusa, waambie Muoki na mke wake, mbele ya mtoto mwenyewe, kwamba hakuanguka. Kila gari likipunguza mwendo hapa nje anatoka kuchungulia kama ni wewe. Njoo, Ndinda. Mtoto anakungoja, na mimi bado sijui nitakusalimia vipi.

Baba yako,
Kaleli